Kumpiga Mtu Picha Akajitambua: Mwongozo wa Kazi Lodwar na Kakuma

Watu wa Turkana wamepigwa picha nyingi kuliko walizowahi kushika mkononi. Ukame ukiingia, wapiga picha hufika na magari ya mashirika. Tamasha la Tobong'u Lore likifunguliwa Lodwar, hufika na lenzi ndefu. Wakimbizi wakiongezeka Kakuma, hufika tena. Picha huenda Nairobi, Geneva na New York, na aliyepigwa hubaki na kumbukumbu ya mgeni aliyepita. Ndiyo maana ukimwelekezea mama kamera sokoni, usishangae akikuuliza kwanza: "Hiyo inaenda wapi?"

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuishi kwa kupiga picha za watu hapa hapa, awe Mturkana wa Lodwar, mkimbizi wa Kakuma au mtu wa sehemu nyingine ya Kenya aliyekuja kutafuta riziki. Kanuni yake ni moja: mteja wako ni yule aliye mbele ya lenzi, na picha ni yake. Ukiishika hiyo, mengine yote, kuanzia mwanga hadi bei, utayapangia mahali pake.

Wanaotaka picha ni akina nani

Lodwar ni makao makuu ya kaunti. Kuna wafanyakazi wa serikali wanaohitaji picha za vitambulisho vya kazi, kuna wanafunzi wa Turkana University College na mahafali yao, kuna harusi, kipaimara, vikundi vya akina mama na wanasiasa wa kila msimu. Ukiwa na studio ndogo karibu na stendi au karibu na ofisi za kaunti, hutakosa mtu wa kuingia.

Kakuma, takriban kilomita 120 kwa barabara ya A1 kuelekea Lokichoggio, ni soko la aina nyingine. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani mwaka 2016. Leo wanaishi huko zaidi ya watu laki mbili: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Waethiopia, Warundi na wengineo, pamoja na Waturkana wenyeji wa mji. Mteja wa Kakuma mara nyingi anapiga picha kwa ajili ya mtu aliye mbali, dada aliyeko Minneapolis au mjomba aliyeko Melbourne. Familia iliyopata nafasi ya kuhamia ng'ambo hutaka picha ya pamoja na majirani kabla ya kuondoka. Picha kama hiyo hairudiwi, kwa hiyo usiipige kwa haraka.

Kwa jumla utakuwa na kazi za aina tatu: picha ndogo za paspoti na viza, picha za mtu au familia, na sherehe. Za kwanza zitakulipia kodi ya chumba. Za pili zitakujengea jina. Za tatu zitakupa pesa nyingi kwa siku moja na uchovu wa siku mbili.

Jua la Turkana

Lodwar iko kama nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Na kwa kuwa tuko magharibi mwa nchi, jua halifiki juu saa sita kamili, bali baada ya saa sita na nusu. Ukimpiga mtu picha uwanjani saa hizo, macho yatakuwa mashimo mawili meusi na pua itatupa kivuli juu ya mdomo. Hakuna programu ya kuhariri itakayokuokoa vizuri.

Piga nje kuanzia jua linapochomoza, kama saa kumi na mbili na nusu, hadi saa mbili na nusu asubuhi. Rudi nje saa kumi na moja jioni. Katikati ya hapo, fanya kazi kivulini, lakini chagua kivuli chako. Chini ya mti wa mathenge utapata vipande vya jua na giza usoni, tena rangi ya kijani ya majani itashika kwenye ngozi. Chini ya turubai la buluu, mtu ataonekana mgonjwa. Kivuli kizuri ni cha baraza la duka au nyumba yenye ukuta usio na rangi kali, mbele yake pakiwa na mchanga unaowaka jua.

Msimamishe mteja hatua moja ndani ya kivuli, akitazama nje. Mchanga ulioko mbele yake utaurudisha mwanga kutoka chini na kuyajaza macho. Hakikisha kwa kutazama mboni: lazima uone nukta ya mwanga katika kila jicho. Isipoonekana, msogeze nusu hatua kuelekea nje, au mwelekezee kitambaa cheupe. Kile kizuizi cha jua cha rangi ya fedha kinachowekwa kwenye kioo cha mbele cha gari kinafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo. Kiweke mbali kidogo tu, kisije kikamfanya mtu afumbe macho.

Ngozi nyeusi ibaki nyeusi

Hapa ndipo kazi yako itakapopimwa. Kamera haimjui mtu. Inachukulia kwamba kila kilicho mbele yake kikijumlishwa kinapaswa kuwa kijivu cha wastani. Ukiijaza fremu kwa uso mweusi, itaongeza mwanga hadi ngozi ionekane kama imepakwa majivu. Ukimweka mtu yule yule mbali kidogo, nyuma yake mchanga mweupe, itapunguza mwanga na uso utazama gizani. Mteja hatakuambia lolote kuhusu vipimo vya kamera. Atasema tu, "Huyu si mimi," na atakuwa amesema kweli.

Dawa ni hii. Weka kipimo cha mwanga kisome sehemu ndogo tu, ukielekeze kwenye shavu, kisha punguza kati ya nusu stopu na stopu moja kulingana na ngozi ya mteja. Usiamini kioo cha nyuma cha kamera, maana jua la hapa hukifanya kisomeke vibaya. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga, na uhakikishe upande wa kulia haujakatwa pale panapong'aa kwenye paji na mashavu. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao wake, hivyo mwanga mpana wa kutoka upande mmoja, kama wa mlango ulio wazi, utaonyesha mifupa ya uso vizuri kuliko flashi ya moja kwa moja. Ukilazimika kutumia flashi, ielekeze kwenye dari nyeupe au ukuta mweupe.

Tatizo hili halikuanza Turkana. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilizipa maabara za kusafisha picha kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikijulikana kama kadi za Shirley, ili rangi zipimwe kwa ngozi yake. Filamu zilianza kurekebishwa baada ya malalamiko, yakiwemo ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri pichani. Simu nyingi bado zina vichujio vinavyong'arisha uso bila kuulizwa. Vizime. Ukihariri, rekebisha mwanga na uondoe vumbi au chunusi ya wiki hii. Usimng'arishe mtu, na usifute chale za paji la uso za mzee wa Kidinka au Kinuer. Hizo si dosari, ni sehemu ya yeye kuwa nani.

Sasa chukua mfano wa mama wa Kiturkana aliyevaa shanga zake zote. Zimepangana kutoka mabegani hadi chini ya taya, na juu yake huenda kuna alagama, ile pete ya shingoni ya mwanamke aliyeolewa. Ukimwambia ainamishe kidevu kama unavyowaambia wateja wengine, hawezi, shanga zinamzuia. Ukimwambia ageuze kichwa peke yake, shingo itakaza na uso utaonyesha kukaza huko. Mwache ageuze mwili mzima kuanzia miguuni, kisha macho yakufuate. Shusha kamera iwe usawa wa kidevu chake, usimpige kutoka juu. Shanga zilizopakwa mafuta hung'aa kuliko ngozi, kwa hiyo zitazame kwenye histogramu kwanza, kisha uso. Na kabla hujabonyeza, mwulize kama kuna shanga anayotaka ionekane zaidi. Mara nyingi ipo, na ina mwenyewe aliyempa.

Jinsi ya kuongea na anayepigwa picha

Anza na salamu, kamera ikiwa begani. "Ejoka" inatosha kufungua mlango kwa Mturkana, na "alakara" kushukuru. Mzee mwite mzee na mama mwite mama. Wakongomani utasikilizana nao kwa Kiswahili bila shida. Kwa Wasomali na Wasudani Kusini, kuwa na msaidizi anayejua lugha kutakuondolea mengi. Mwanamke Mwislamu anaweza kutaka apigwe picha na mwanamke mwenzake, na kwenye harusi upande wa wanawake huenda usiruhusiwe kabisa. Mpiga picha wa kike Kakuma ana soko ambalo wewe mwanamume hulifikii. Shirikiana naye badala ya kulazimisha.

Mwambie mtu mapema utapiga nini, itachukua muda gani na ataondoka na nini. Mpe kiti, au ekicholong kama ni mzee aliyezoea kukalia kile kigoda chake cha mbao. Mikono isiyo na kazi humtia mtu wasiwasi, kwa hiyo mwache mzee ashike fimbo yake na kijana ashike kitabu au mpira. Piga chache, kisha mwonyeshe. Akiona amependeza, picha tano zitakazofuata ndizo utakazochapisha.

Kuhusu mandhari ya nyuma, usimdharau mteja anayetaka maua ya plastiki au picha ya jiji. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliendesha biashara kwa miaka mingi kwa mandhari zilizochorwa, zenye meli na ndege, kwa sababu walijua watu huja kupigwa picha wakiwa vile wanavyotaka kuonekana. Wewe kuwa na mapazia matatu: jeupe, la kijivu na kitenge kimoja kizuri. Mteja achague.

Picha za paspoti na viza

Watu huzidharau, lakini picha ndogo iliyokataliwa inaweza kumchelewesha mtu safari. Soma masharti ya kila nchi kabla ya kupiga, maana hayafanani.

Marekani wanataka picha ya mraba ya milimita 51 kwa 51, nyuma peupe, bila miwani, iliyopigwa ndani ya miezi 6. Ile ya bahati nasibu ya viza hutumwa kwa intaneti, na pikseli 600 kwa 600 zinakubalika. Nchi za Schengen hutumia milimita 35 kwa 45. Ukaazi wa kudumu wa Canada una picha kubwa zaidi, milimita 50 kwa 70, na nyuma ya mojawapo lazima paandikwe jina la aliyepigwa na tarehe yake ya kuzaliwa, jina na anwani ya studio, na tarehe ya kupigwa picha. Kakuma kuna vijana wanaoomba nafasi za masomo Canada kupitia WUSC, mpango wa kuwasomesha wakimbizi, kwa hiyo tengeneza muhuri wa studio mapema. Kijana asirudi mara ya pili kwa sababu ya wino.

Pazia likiwa jeupe, kamera itataka kuutia uso giza. Pima mwanga usoni, usipime pazia. Mweke mteja mbele ya pazia kwa zaidi ya mita moja ili kivuli chake kisionekane nyuma, na pazia lipewe mwanga wake. Hijabu ya dini inaruhusiwa Marekani mradi uso wote uonekane, kutoka kidevu hadi paji, bila kivuli cha kitambaa.

Vumbi, joto na umeme

Upepo wa kusini-mashariki unaopita kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia ndio huo huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit. Upande wetu hubeba mchanga hadi ndani ya kamera. Usibadilishe lenzi nje. Ukiwa na lenzi moja ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, utafanya kazi nyingi bila kuigusa tena. Beba pampu ndogo ya mkono ya kupulizia vumbi na mfuko wa plastiki unaofungika. Kioo cha lenzi kipulize kwanza ndipo ukifute, kwa sababu mchanga ukisuguliwa huacha mikwaruzo ya kudumu.

Usiache kamera kwenye gari lililofungwa wala kwenye sanduku la bodaboda mchana. Betri huchoka haraka kwenye joto, kwa hiyo kuwa na mbili au tatu, na uzichaji kila umeme unapopatikana. Kakuma watu wengi hutegemea jenereta za wafanyabiashara na sola. Wakati wa mvua, mabonde makavu kama Tarach hujaa maji ghafla, na sherehe iliyo ng'ambo huwezi kuifikia. Mweleze mteja hilo mnapopatana tarehe.

Ruhusa na usalama

Usichukulie kambi kama mtaa wa kawaida. Mgeni anayetaka kuingia na kupiga picha aombe kibali kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kaa mbali na vituo vya polisi na mahali pa usalama. Ukiwa na studio, chukua leseni ya biashara ya kaunti.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa taarifa yake. Ukitaka kuitumia kwenye tangazo au ukurasa wako, pata ridhaa yake, na kwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi. Hili si la kinadharia. Mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Wakati huo huo klabu moja ya Nairobi ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake.

Kakuma hatari ni kubwa kuliko faini. Kuna watu waliokimbia serikali, wanamgambo, au ndugu zao wenyewe. Picha nzuri ya mwanamke iliyowekwa Facebook na jina la kambi inaweza kumwonyesha anayemtafuta mahali alipo. Usichapishe bila kuuliza, usitaje mtaa, na uzime sehemu ya kamera au simu inayoandika mahali picha ilipopigwa. Akikubali leo na kukataa kesho, iondoe bila kubishana.

Bei na mikataba

Panga bei kwa hesabu. Jumlisha karatasi, wino, umeme, usafiri na kodi, weka akiba ya kamera itakapochakaa, kisha ujilipe saa zako, zikiwemo za kuhariri. Wengi husahau hizo za mwisho, na ndiyo maana hufunga duka baada ya mwaka. Bandika bei ukutani ili Mturkana, Msomali na mfanyakazi wa shirika walipe sawa. Kwa sherehe, chukua nusu mapema kwa M-Pesa, na muandikiane, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: saa, mahali, idadi ya picha na siku ya kukabidhi.

Jua pia sheria ya hakimiliki ya Kenya inasema nini: kazi iliyoagizwa na kulipiwa, haki yake huhesabiwa kuhamia kwa aliyeiagiza, msipokubaliana vingine. Ukitaka kubaki na haki ya kuionyesha picha, sema kabla ya malipo. Na pale ambapo wewe ndiye unayemtaka mtu kwa ajili ya mkusanyo wako, jukumu hugeuka. Patana naye, umlipe au umpe picha iliyochapishwa, na utimize wiki ile ile.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina la mteja, namba ya simu na namba za faili zake. Nakili kila kazi sehemu mbili kabla ya kufuta memori kadi, moja ikae mbali na studio. Katika kambi, aliyepoteza kila kitu kwa moto au mafuriko anaweza kurudi kwako baada ya miaka mitatu kuulizia picha ya mtoto wake. Studio inayoweza kuitoa haihitaji tangazo.

Mwisho, kuhusu pesa za kwanza utakazopata. Utatamani lenzi ya pili, na marafiki watakushauri hivyo. Nunua printa kwanza, pamoja na karatasi nzuri. Picha iliyo kwenye simu yako bado ni yako, na simu ya mteja ikiibwa au kuharibika, picha yake imekwenda nayo. Iliyochapishwa na kukabidhiwa ndiyo kazi iliyokamilika, na ndiyo pekee unayostahili kulipwa kwa ukamilifu.